Siku Iliyomtoka Wadhah

Nizwa, Alkhamisi, 2 Oktoba 2003

Joto limeanza kuvunjika. Leo asubuhi nimefungua madirisha ya ukumbini mara ya kwanza tangu Mei, na upepo ulioingia ulikuwa upepo wa binadamu, si wa tanuri. Nikasema, basi na mimi nianze tena kuandika. Katika nyumba hii Kiswahili cha kusoma nakijua mimi tu, kwa hiyo naandika kwa uhuru. Mwanangu Khelef anakisema, lakini tulitoka naye Unguja yungali mchanga, kusoma akasomea Kiarabu. Mkewe Ghalia kakulia Bujumbura na Kiswahili chake kina mwendo wa huko. Mjukuu wangu Wadhah, ambaye sasa ana miaka kumi na tatu, anakisema kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe: pengine anafika, pengine anaangukia kwenye Kiarabu.

Jioni tulikwenda kwenye mkutano wa wazazi wa timu ya hoki. Mwalimu Marhoun, anayefundisha michezo skuli na kuisimamia timu ya watoto, amesema mwaka huu mtoto hapewi jezi mpaka mzazi wake aje amsikilize. Ni kijana mrefu, mpole wa sauti, aliyerudi karibuni kutoka kusomea ualimu wa michezo ng'ambo. Kanisalimia, "Shikamoo Bi Kuruthum," nikamuitikia marahaba. Wazee wake nawajua, watu wa Ibra waliokaa Pemba.

Alikuwa na mambo mawili, kichwa na mdomo. La kichwa: mtoto akigongwa kichwa anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata akisema hajambo, hata ikiwa fainali. Halafu hachezi tena mpaka daktari aridhike. La mdomo: mzazi hamkemei mtoto akicheza, wala wa mwenzake, wala refa. Atakayeshindwa ataombwa akakae garini.

Wanaume wakacheka. Marhoun hakucheka. Akatoa kikombe cha mtindi cha dukani, akakitikisa kwa nguvu, akakipitisha mkono kwa mkono. Akauliza kama kina alama yoyote nje. Hakikuwa na alama. Akakifungua: mtindi uliokuwa umeganda vizuri ulikuwa umevurugika, maji mbali, mabonge mbali. Akasema hivyo ndivyo inavyokuwa ndani ya fuvu, na nje huoni kitu.

Njiani Khelef kasema huyu kijana anataka kuwafanya watoto mayai. Mimi kile kikombe hakijanitoka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wadhah kavaa jezi yake mpya kulalia. Namba saba.

Alkhamisi, 9 Oktoba

Mechi ya kwanza, hapa hapa Nizwa, uwanja wa udongo mgumu. Tuliokuja wanawake tulitandika jamvi upande wa kivuli.

Sijapata kuona mtoto anakimbia vile. Nyumbani Wadhah anajikwaa kwenye zulia, lakini akishika gongo la hoki anakuwa kiumbe chengine, mgongo umeinama, mpira umeganda kwenye gongo kama umefungwa uzi. Nilimkumbuka ndugu yangu marehemu akicheza Mnazi Mmoja, namna ile ile ya kuinamisha bega.

Lakini Khelef. Huyu mwanangu ofisini ni mtu wa adabu, wahandisi wenzake wanamsifu kwa upole. Uwanjani anageuka. "Wadhah! Umelala? Mpe! Usimpe! Mjinga wee!" Anatembea na mstari wa uwanja kama simba aliyefungiwa. Yeye alicheza hoki ujanani, karibu achaguliwe timu ya taifa ya vijana, goti likamkatisha. Tangu Wadhah alipoweza kusimama, Khelef anaichezea ile mechi aliyokosa kwa miguu ya mwanawe.

Nusu ya pili Marhoun akamuomba refa asimamishe mchezo. Akaja mpaka mbele ya Khelef, akamwambia kitu kwa sauti ya chini. Khelef akaenda zake garini. Watu wote wakiona. Mimi uso ulinipanda moto. Mtoto wa juzi anamtoa mwanangu uwanjani mbele ya hadhara, na mimi mama yake nimekaa pale. Nilitia nia nisimwitikie salamu siku nyengine.

Alkhamisi, 16 Oktoba

Khelef kasimama mbali, kafunga mdomo, lakini mikono yake inapiga kelele. Tumeshinda.

Jumatatu, 27 Oktoba

Ramadhani imeingia. Mazoezi yamepungua, na mimi nimeshika kukanda kalimati za futari.

Ijumaa, 28 Novemba

Siku za Idi. Nyumba imejaa watu na halwa. Humoud, jirani yetu ambaye mwanawe ni kipa wa timu, alikuja kutuamkia. Akamwambia Khelef kuwa yule Marhoun anajifanya daktari, na kwamba yeye Humoud aliwahi kupigwa mpira wa kichwa akacheza mpaka mwisho, na mbona yu mzima. Khelef akacheka naye. Wadhah alikuwa anagawa kahawa, anasikiliza.

Jumatano, 10 Desemba

Baridi imekuja. Juu ya Jabal Akhdhar wingu limekaa tangu asubuhi, kubwa, halitikisiki.

Alkhamisi, 18 Desemba

Nitaandika usiku huu huu, kwa sababu mambo ya leo nataka yabaki sawasawa kama yalivyokuwa.

Mechi ilikuwa Ibra. Tuliondoka asubuhi, tukapitia Samad kwa jamaa zetu, wakatupa ndimu na maziwa. Wadhah alikuwa na furaha, anaimba garini. Uwanjani kipindi cha kwanza alifunga bao moja, zuri, kalipitisha baina ya miguu ya kipa. Wenzao wakarudisha. Ikawa moja moja.

Kipindi cha pili mpira ulitoka pembeni, karibu na tulipokaa. Wadhah na mtoto wa Ibra wakaufukuza pamoja, wote wawili vichwa chini. Nilisikia mlio. Si mkubwa, kama mtu kaweka sufuria juu ya meza. Bega la yule mtoto lilimpiga Wadhah shavuni, akaanguka, na kisogo kikapiga udongo.

Akalala. Kwa pumzi moja hivi, au mbili. Macho yako wazi.

Khelef akaja mbio na mstari. Kule kunyamaza kwake kote kulimtoka. "Inuka! Wadhah, inuka! Usitutie aibu mbele ya watu!"

Na mtoto akainuka. Akaokota gongo lake, akajipangusa magoti, akaupata mpira uliokuwa umebaki pale, akakimbia nao. Akakimbia kuelekea lango letu wenyewe.

Watu wakacheka. Humoud alicheka mpaka akashika tumbo. Khelef naye alikuwa anapiga ukelele, "Huko siko! Geuka!" Mimi sikucheka kwa kuwa nilimuona uso alipopita. Alikuwa anatabasamu, na ile tabasamu haikuwa ya mtu yeyote.

Marhoun alikuwa keshaingia uwanjani. Alimshika mabegani, akachutama mpaka macho yao yakawa sawa. Khelef akafika, anasema muache, mtoto mzima huyu, si umemuona kainuka. Marhoun hakumgeukia. Alimuuliza Wadhah tuko wapi leo. Wadhah akasema tuko Nizwa. Akamuuliza nani amefunga lile bao letu. Wadhah akafikiri, akafikiri, kisha akamtazama baba yake kama mwanafunzi anayeomba asaidiwe jibu.

Marhoun akalitoa gongo mkononi mwa mtoto taratibu, akampa Khelef. "Leo amemaliza," akasema. "Tumpeleke hospitali."

Gari ilipokuwa inaletwa, wakamlaza kwenye jamvi letu, kichwa chake kwenye mapaja yangu, na Marhoun akamshika shingo isitikisike. Wadhah akanitazama, akaniuliza, "Bibi, tumefunga?"

Nikamwambia mmefunga, na aliyefunga ni yeye. Uso wake wote ukawaka. Akasema, "Mimi?" Nikamwambia ndiyo, wewe, baina ya miguu ya kipa. Akafumba macho kwa raha.

Kisha akayafumbua. "Bibi, tumefunga?"

Nikadhani hakunisikia, nikamwambia tena. Uso ukawaka tena. "Mimi?" Sauti ile ile, mshangao ule ule, furaha ile ile mpya. Njia nzima mpaka hospitali aliniuliza. Mwanzo nilikuwa nalia. Halafu sijui niseme vipi, machozi yakakatika, nikaingiwa na kitu kikubwa kuliko khofu. Hapa mapajani pangu alikuwa binadamu ambaye siku haishiki. Inamwagika kama maji kwenye kikapu. Na kila nilipomwambia habari yake njema, aliipokea kama ndiyo imetoka mbinguni sasa hivi. Nikasema moyoni, Mola wangu, kumbe kila tunachokijua kuhusu nafsi zetu kimeshikiliwa na kitu laini kiasi hiki, na wewe umekishika miaka yote hii kwa wanaadamu wote, na hatujui.

Khelef alikuwa anaendesha. Gongo lilikuwa kiti cha mbele, pembeni yake. 

Ijumaa, 19 Desemba

Walimtia katika mashine wakampiga picha za ndani ya kichwa. Daktari, bwana mmoja mtulivu kutoka Sudani, alizibandika kwenye taa ya ukutani akatuita tuone. Ghalia hakuweza kutazama. Mimi nilitazama. Niliona ubongo wa mjukuu wangu, mikunjo juu ya mikunjo, kama kokwa ya jozi iliyopasuliwa, weupe na kijivu. Humo ndimo alimo Wadhah, na nyimbo zake na uvivu wake wa kuosha vyombo. Nilisema Subhana Allah na daktari akasema na yeye kila siku anaiona na kila siku anasema hivyo hivyo.

Damu haikuvuja, alhamdulillahi. Lakini ubongo umetikisika. Alale, akae kwenye giza giza, hapana televisheni, hapana michezo ya kompyuta, kusoma kidogo sana, kukimbia hapana kabisa. Khelef akauliza mpaka lini. Daktari akajibu kuwa hilo halijui yeye, kinalijua kichwa chenyewe.

Jana yote imemtoka Wadhah. Anakumbuka kulala juzi, kisha anakumbuka shuka za hospitali.

Jumatatu, 22 Desemba

Tuko nyumbani. Mapazia yamefungwa. Tunanong'ona kama kuna mtoto mchanga.

Jumatano, 31 Desemba

Marhoun anakuja kila baada ya siku chache. Haulizi atarudi lini. Anakaa sakafuni karibu na kitanda, anamhadithia Wadhah habari za wenzake kwa sauti ya chini, kisha anaaga. Leo nimemsindikiza mpaka mlangoni na kumpa sahani ya mkate wa kumimina. Ile nia yangu ya kutomwitikia salamu sijui imekwenda wapi.

Jumatatu, 5 Januari 2004

Wadhah kaenda skuli saa mbili tu, karudi kajifunika mto usoni. Anasema taa za darasani zinalia. Nikamuuliza taa zinalia vipi. Kanambia, "Zinalia tu, Bibi. Wengine hawasikii."

Jumatano, 14 Januari

Leo kumekuwa na maneno ndani ya nyumba hii.

Tarehe ishirini na mbili Maskati wanachagua watoto wa timu ya taifa ya vijana. Khelef amelijua hilo tangu mwaka jana, na tangu wiki iliyopita halali vizuri. Leo Marhoun alipokuja, Khelef alimkalisha majlisi, chumba cha wageni, akamwambia mtoto amepona, anakula, anacheka, kwa hiyo amuandike jina lake. Mimi nilikuwa naleta kahawa.

Marhoun akasema hawezi. Wadhah hajamaliza hata siku moja ya skuli bila ya kuumwa. Akaeleza mpango: kwanza skuli nzima, kisha kutembea, kisha kukimbia, kisha gongo peke yake, kisha mazoezi na wenzake, mwisho ndiyo mechi. Kichwa kikiuma popote hapo, anarudi nyuma hatua moja.

Khelef akasema nafasi hii haiji mara mbili.

Marhoun akaweka kikombe chini. "Bwana Khelef, ubongo uliotikisika ukitikiswa tena kabla haujapoa, mtoto anaweza asiamke. Sikutishi. Ndivyo ilivyo."

"Wewe humjui mwanangu."

"Namjua. Ndiyo maana nimekuja."

Hakupandisha sauti. Alimaliza kahawa yake, akaniaga kwa heshima, akaondoka. Ghalia akamwambia mumewe kuwa Mwalimu kasema kweli na yeye kama mama hakubali. Khelef akatoka akaenda kwa Humoud.

Jumatatu, 19 Januari

Wadhah anasema kichwa hakiumi tena. Anamwambia hivyo baba yake tu. Akikaa na mimi anageuza uso dirishani na kuukunja.

Alkhamisi, 22 Januari

Asubuhi Ghalia kaenda benki kazini. Khelef alimwambia kuwa atamchukua mtoto Maskati akatazame tu wenzake, apate kubadilisha hewa. Nilipotoka barazani nikaona gongo limeingizwa nyuma ya gari, limefunikwa kanzu. Nikarudi ndani nikavaa buibui langu. Nikasema nami nakuja. Khelef akanitazama. Akanifungulia mlango.

Jua la asubuhi lilikuwa mbele yetu njia nzima. Wadhah alikaa mbele. Tulipopita Izki akaivuta kofia yake mpaka puani. Khelef akamuuliza kama kichwa kinauma. Akasema hakiumi. Kila tulipopishana na lori niliona mabega yake yanapanda.

Khelef alikuwa anasema peke yake, kwa furaha: uwanja wa Maskati ni wa majani ya bandia, mpira unateleza, asikae mbali na goli, awaoneshe lile bega. Basi hakuficha tena kuwa mtoto anakwenda kucheza.

Baada ya Sumail Wadhah akasema, "Baba, simama." Alitoka mbio akatapika kwenye changarawe. Nikashuka nikamshika kipaji. Khelef akaja na chupa ya maji, akamuosha uso mwenyewe, kwa upole, kwa kweli kwa upole, akamwambia si kitu, ni gari tu hii, akifika uwanjani atachangamka. Akamwambia, "Kumbuka lile bao la Ibra. Likumbuke ulivyolifunga."

Wadhah akakaa juu ya jiwe. Malori yanapita, upepo wake unatupiga nguo. Akasema kwa Kiswahili, labda kwa sababu nilikuwa nimemshika mimi:

"Sikumbuki, Baba. Bao sikumbuki. Siku yote hakuna. Sauti yako tu iko."

Khelef akamuuliza sauti yake inasema nini.

"Inasema inuka. Usitutie aibu."

Kisha akasema tena, bila ya lawama, kama mtu anayeeleza kilichomo mfukoni mwake: "Hiyo tu imebaki."

Nilimtazama mwanangu. Nimemuona Khelef akimzika baba yake na nimemuona siku goti lake lilipoumia. Sijapata kumuona uso ule. Ilikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ndani hamna sakafu. Siku nzima imefutika katika ubongo wa mtoto, bao limefutika, nyimbo za garini zimefutika, na mapaja yangu na majibu yangu yote yamefutika. Mwenyezi Mungu akaacha neno moja. 

Khelef akainama. Akamuinua mwanawe, akamuweka kiti cha nyuma na mimi, kichwa mapajani pangu, akavua kilemba chake cha msarri kichwani akamfunika macho. Akaingia garini na kuligeuza. Jua likawa nyuma yetu.

Tukakaribia Nizwa. Hapo Khelef akauliza, kama anaiuliza njia, "Kinauma sana?"

"Sana," Wadhah akasema.

Ijumaa, 23 Januari

Khelef kamwambia Ghalia yote. Hakuficha hata kanzu iliyofunika gongo. Ghalia kaenda kulala kwa mtoto.

Jumamosi, 24 Januari

Baada ya Alasiri Khelef aliingia chumbani kwa Wadhah akafunga mlango. Nilimsubiri atoke. Hakutoka mpaka magharibi ilipoadhiniwa. Nilipopeleka chai niliwakuta wamelala chali kwenye zulia, gizani, Khelef anamhadithia habari ya mbuzi aliyekuwa naye utotoni. Mbuzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsahau yule mbuzi.

Jumapili, 8 Februari

Idi Kubwa imepita. Jana mvua imenyesha kwa nguvu. Wadi ya Tanuf, lile bonde la mto mkavu, imeshuka maji mekundu, watu wamejaa kutazama. Falaji letu, mfereji wa mashambani, limejaa mpaka juu.

Jumatano, 11 Februari

Wadhah kamaliza wiki nzima ya skuli. Taa hazilii.

Jumatatu, 16 Februari

Katembea mpaka sokoni na baba yake na kurudi. Wameninunulia majani ya zaatari ya kutia kwenye chai.

Jumamosi, 21 Februari

Kakimbia kidogo, kichwa kikauma kidogo. Amerudi nyuma hatua moja. Nilitazamia Khelef atakunja uso. Akasema khalas, basi, kesho tutatembea tena, na akatafuta viatu vyake mwenyewe.

Ghalia anasema Khelef alikwenda kwa Marhoun, wakakaa muda mrefu. Walichosema hakijui. Anachojua ni kuwa siku ile Khelef aliporudi alimtaka radhi yeye mkewe, na tangu hapo Ghalia amerudi kucheka naye mezani.

Jumamosi, 28 Februari

Gongo peke yake, uani. Mlio wa mpira ukutani, tak, tak. Nimeusikiliza nikikuna nazi, na sijapata kusikia ngoma tamu kama ile.

Jumanne, 9 Machi

Wiki nzima ya mazoezi na wenzake kichwa hakikuuma, na leo daktari kasema sawa. Lakini kamwambia Wadhah, si sisi, kamwambia yeye: "Kuanzia sasa mlinzi wa kichwa hiki ni wewe. Hakuna mashine inayojua kabla yako."

Sur, Alkhamisi, 11 Machi

Naandika nyumbani kwa wenyeji wetu hapa Sur, madirisha wazi, hewa ya chumvi. Nataka kulimaliza hili kabla sijalala.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, ya kombe. Watu wengi walikuwa wamekuja. Humoud alikuja na kiti chake cha kukunja, akakaa mbele kabisa. Khelef alikaa na sisi kwenye jamvi, miguu kaikunja, mikono juu ya magoti. Marhoun alikuwa kamwambia Wadhah kuwa ataingia kipindi cha pili, kwa muda mfupi.

Aliingia tukiwa bila kwa bila. Mara ya kwanza alipougusa mpira nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa anakwenda, bega limeinama, na watoto wawili wa Sur wamebaki nyuma wanatazamana. Akatoa pasi, mwenzake akafunga. Moja kwetu. Humoud alirukaruka kama kijana. Khelef alipiga makofi na watu wengine, mdomo kaufunga.

Sur wakarudisha. Mchezo ukawa mkali, vumbi juu. Wadhah aligongana na mtoto mmoja, bega kwa bega, kitu kidogo tu ambacho hata refa hakukipigia filimbi. Hakuanguka. Akakimbia hatua chache. Kisha akasimama.

Alisimama katikati ya uwanja, wenzake wanakimbia pande zote. Akainua gongo juu kwa mkono mmoja. Refa akapiga filimbi. Wadhah akageuka, akatembea. Hakukimbia, hakuchechemea. Hakuna aliyeelewa. Kombe liko pale, zimebaki dakika chache, na mchezaji hodari kuliko wote anatoka mwenyewe, hakuna aliyemuita.

Humoud alikuwa amefungua mdomo. Nilimuona. Akamtazama mtoto usoni, akaufunga.

Wadhah akafika kwa Marhoun. "Kichwa inauma, Mwalimu. Kidogo tu." Marhoun akamuuliza yale maswali yake, tuko wapi, nani kafunga. Alijibu yote sawa, taratibu. Marhoun akamuwekea mkono juu ya bega akasema, "Ahsante." Akaingiza mtoto mwengine.

Nina miaka sitini na sita. Nimeona watu wakipoteza nchi kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusimama katikati na kusema naumwa, tusimame. Na mtoto wa miaka kumi na tatu kafanya hivyo mbele ya Sur nzima, kwa sauti ya kawaida, kwa ngeli zake mbovu za Kiswahili ambazo kuanzia leo sitazisahihisha tena.

Tulifungwa bao la pili mwishoni. Mimi sikuliona, nilikuwa natazama kwengine.

Humoud alikuwa kainuka, kaleta kile kiti chake kimya kimya, kamuwekea Wadhah kivulini. Wadhah kakaa. Khelef alimwendea. Nilimtazamia aseme kitu, na watu waliokaa karibu nadhani walitazamia vile vile, maana wote wanaijua sauti yake. Hakusema. Mwanangu, na kanzu yake nyeupe ya dishdasha iliyopigwa pasi, alipiga magoti mchangani mbele ya mwanawe, mbele ya wanaume wote wale, akaanza kumfungua kamba za viatu. Zilikuwa zimekaza kwa jasho na vumbi. Akazifungua moja moja, akamvua soksi, akamfungua vile vigao vya kukinga miguu, akazikung'uta changarawe kwenye vidole vyake.

Wadhah akamshika baba yake begani, akanyanyua mguu wa pili.